Pua ya Mkaguzi

Nianze kwa kusema kwamba simpendi, ili asiyetaka kusikia mtu akisemwa vibaya aachie hapa hapa. Jina lake nalijua, na nusu ya mtaa wetu wa Buyenzi inalijua, lakini silitaji. Kwetu gereji tulimwita Mkaguzi, na akiwa amesimama mbele yetu tulimwita Bwana Inspekteri. Kazi yake ya serikali ilikuwa kwenda kuangalia pale watu wanapolalamikia nyumba za malezi: za yatima, za walemavu, za wazee. Ukilalamika, yeye ndiye anayetumwa. Mimi nililalamika, akatumwa, na bado hasira yangu haijaisha.

Nilimjua kwa pikipiki yake muda mrefu kabla sijaijua kazi yake. Ilikuwa pikipiki nyekundu ya zamani, tangi limepauka kwa jua, na aliileta kwangu miaka na miaka. Wateja wengi huacha chombo, wakaenda kunywa chai, wakarudi kuuliza kama kimepona. Huyu hakuondoka. Alivua koti, akalikunja bitana nje, akaliweka juu ya kiti, kisha akachuchumaa kando yangu na viatu vyake vilivyong'arishwa vikakanyaga oili kama vyetu. Aliingiza kidole kwenye mafuta ya injini, akakisugua kwa kidole gumba, akakinusa. Nikifungua plagi, aliiomba aione. Nikimwambia breki zimekwisha, alitaka kuziona zimekwisha kiasi gani.

"Fundi, usinielezee," alikuwa akisema. "Nionyeshe."

Neno hilo alilisema mara nyingi hadi mafundi wenzangu wakalifanya utani. Mtu akiomba kukopeshwa spana anaambiwa usinielezee, nionyeshe. Mwenyewe alisikia, akacheka nasi, wala hakuona vibaya. Nakiri alikuwa mteja mzuri, na nakiri hilo kwa uchungu, maana ningependa awe mbaya katika kila kitu.

Na pua yake! Sijaona pua kama ile kwa mtu asiye fundi. Kulikuwa na kipindi cha uhaba wa mafuta, jiji zima linanunua essence, yaani petroli, ya chupa iliyovushwa mpakani kutoka Uvira, na mwuzaji mmoja alikuwa ameweka madumu yake mbele ya gereji yetu. Mkaguzi alifungua kifuniko cha dumu, akainamisha kichwa kidogo tu, akakirudisha.

"Ndani muko mafuta ya taa," alisema kwa upole.

Mwuzaji akaapa kwa Mungu, kwa mama yake na kwa watoto wake kwamba yeye hakutia kitu.

"Mi sisemi we uliweka," Mkaguzi akamjibu. "Nasema iko ndani."

Tulimwaga kidogo kwenye kifuniko, tukawasha, na moshi mweusi ukatoka kama wa koroboi. Mwuzaji alihamisha madumu yake siku hiyo hiyo. Mara nyingine Mkaguzi aliingia gereji, akasimama, akasema kuna klachi inaungua mahali, na tulipotafuta tukaikuta kwenye gari lililokuwa limeegeshwa barabarani, wala si la kwetu. Kumbukeni pua hiyo, kwa sababu nitairudia.

Sasa niseme habari za adabu zake, ambazo ndizo ugonjwa wake. Huko milimani alikotoka, mtu aliyelelewa vizuri, mwenye kujizuia, asiyemwaibisha mwenzake, wanamwita imfura, na Mkaguzi alikuwa imfura mpaka kwenye kucha. Alisalimia kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, akaulizia mke, watoto, wazee, kazi, usingizi. Hakupiga simu bila kuomba radhi kwanza. Hakula barabarani, hakutafuna mbele ya mtu asiye na kitu mkononi. Ukimpandishia sauti, yeye alishusha yake, nawe ukashusha yako ili umsikie, na mwisho mkajikuta mnanong'ona juu ya jambo ulilokuja kulipigia kelele.

Siku moja mama anayetuuzia chai na maandazi alimletea kikombe, na ndani kulikuwa na nzi. Sote tuliona. Mkaguzi naye aliona, nilimwona akiona. Alikifunika kikombe kwa kiganja, akaendelea kuzungumza, na yule mama alipokuja kuchukua vyombo alimwambia chai ilikuwa tamu sana ila tumbo lake halikuwa sawa asubuhi ile. Akalipa, akashukuru. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mmoja akauliza: huyu ndiye anayekagua kweli? Tulidhani ni mzaha.

Nyumba yake ilikuwa upande wa Buterere, kule chini kwenye mashamba ya mpunga, ambako mvua ikizidi maji hayabishi hodi. Mwaka mmoja yalimwingilia, akanipigia simu kwa adabu zake zote akiomba, kama sina kazi nyingine, nikaitoe pikipiki isizame. Nilimkuta sebuleni, suruali imekunjwa, maji magotini, sufuria za mkewe zinaelea nyuma yake. Alinipa mkono. Akauliza habari za nyumbani kwangu. Akanivutia kiti, kiti chenyewe kimezama nusu, akasema karibu ukae.

"Pole sana, Bwana Inspekteri," nilisema.

"Hakuna shida, Fundi. Ni maji kidogo tu."

Wakati ule nilimheshimu kwa jambo lile. Baadaye nililigeuza kichwani mara nyingi, na kila nikiligeuza linanikera zaidi. Mtu ambaye halalamiki hata maji yakimfika magotini ndiye waliyempa kazi ya kupokea malalamiko ya watu.

Na wala hakuwa mla rushwa. Hili lazima niliseme, kwa sababu nikisimulia habari zake watu hutikisa kichwa na kusema aha, walimpa bahasha. Hakupewa. Alipokwenda kukagua hakunywa hata soda ya wenyeji, hata maji, hata jua likiwa kali namna gani. Alibeba chupa yake ya maji kwenye mfuko wa pikipiki na kunywa nje ya geti. Kama angekuwa amekula rushwa ningemwelewa, ningemtukana mara moja nikapumzika. Mwizi anajulikana dawa yake. Lakini mtu safi aliyekuangamiza kwa usafi wake utamfanya nini?

Aliyeangamia ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Sisi wa Buyenzi tunasema. Jirani akipika wali ukawa mbichi anaambiwa kabla hajauliza, na imamu akirefusha hotuba anaambiwa mlangoni. Shangazi alizaliwa hapa na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko zetu, mpaka alipoolewa na mchuuzi wa Kiislamu aliyekuwa na duka milimani, akaishi huko kati ya wakulima hadi akazeeka. Alirudi mjane, na alirudi mtu mwingine. Ukimuuliza umeamkaje, anajibu amahoro, yaani ni amani tu. Kichwa kinamuuma, amahoro. Hakula tangu jana, amahoro, nashukuru. Mke wangu alikuwa akimchungulia usoni kujua kama ana njaa, kama mtu anavyomchungulia mtoto mchanga.

Kisha akaanguka, akavunjika nyonga. Alikaa kwetu mpaka tukashindwa. Tuna vyumba viwili vyembamba nyuma ya gereji, mlango wa choo haupitishi hata kiti, na kumwinua kulihitaji watu wawili saa zote. Ndipo akapelekwa kwenye nyumba ya wazee iliyo upande wa Kamenge. Nje ilikuwa nzuri, kuta nyeupe, maua kwenye mitungi. Mwenye kuiendesha alikuwa mama mmoja nadhifu tuliyemwita Direktrisi.

Baada ya miezi michache nilianza kusikia harufu nikimtembelea. Sikuelewa. Nilimuuliza Shangazi, akasema amahoro. Ndipo mke wangu akaingia naye chumbani, akafunga mlango, akamgeuza. Alitoka amejishika mdomo. Shangazi alikuwa na vidonda vya kulalia, mgongoni chini na kwenye nyonga, kimoja kikubwa kuliko kiganja, na shuka ilikuwa imegandamana navyo. Hakuna aliyekuwa akimgeuza. Muuguzi alikuja mara moja moja. Usiku walifungiwa mlango hadi asubuhi, mkojo na yote.

Tulitaka kumtoa palepale. Shangazi alikataa. Alisema watu wale walimpokea wakati hana pa kwenda, na kuondoka kwa hasira ni kuwatukana mbele ya majirani zao. Alisema tuombe tu wamwekee muuguzi. Basi nikaenda ofisini kulalamika, nikiwa na matumaini makubwa, maana nilikuta aliyepewa malalamiko yangu ni mteja wangu. Nilirudi nyumbani nikimwambia mke wangu tumepona. Nilimwambia yule mtu haamini maneno, yule anatia kidole.

Kumbe kidole kilikuwa cha injini.

Kwanza aliwapigia simu na kuwaambia siku atakayokuja. Kwake yeye kuingia kwa mtu bila taarifa ni ushenzi. Kwa hiyo tulipofika tulikuta ua umefagiliwa, wazee wote wametolewa nje, wamepangwa kwenye viti, wamefunikwa vitenge ambavyo sikuwahi kuviona. Shangazi aliketishwa kwenye kiti cha mbao na mto chini yake. Aliketishwa juu ya vidonda. Uso wake ulikuwa umetulia, ila mikono ilikuwa imeshika kingo za kiti.

Mkaguzi alisalimia mmoja mmoja, kwa mikono miwili, akiinama. Alipofika kwa Shangazi alichomoa leso nyeupe mfukoni, akajifuta pua, akaiacha palepale puani.

"Vumbi ya hapa ni mingi," alisema.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ile.

"Amahoro, mama."

"Amahoro, mwanangu."

"Munakula muzuri hapa?"

"Tunakula. Tunashukuru."

"Na usiku munalala muzuri?"

"Tunalala."

"Kuna kintu munapenda tubadilishe?"

"Apana, mwanangu. We uko na kazi mingi, usijisumbue na sisi bazee."

Direktrisi alikuwa amesimama hatua chache nyuma yao, mikono imefumbatwa, akitabasamu. Nikaona jambo linaniponyoka, nikasogea.

"Bwana Inspekteri, ingia ndani, angalia kitanda yake. Mwite mama yeyote amufunue mugongo. Muke wangu aliona na macho yake."

"Muke wako ni wa familia, Fundi. Lazima mwenyewe aseme."

"Mwenyewe hawezi kusema! We unajua hawezi kusema. Na we uko mutu wa milimani!"

"Ile ni mama yangu na mama yako," alisema, sauti imeshuka. "Mi siwezi kufunua mama mbele ya batu."

"Infirmière basi, amufunue ndani."

"Infirmière yuko congé," Direktrisi akasema haraka, yaani muuguzi yuko likizo.

Nilimkazia macho Mkaguzi nikamrudishia neno lake mwenyewe. "Asinielezee. Anionyeshe."

Alitabasamu, kama nimemkumbusha jambo la furaha. "Kule ni chuma, Fundi. Hapa ni mutu."

Akaendelea kwa mzee wa kiti kilichofuata. Chumbani hakuingia. Jikoni hakuingia, kwa sababu walikuwa wanakaribia kuandaa chakula, na mtu haangalii chungu cha watu. Kabla ya kuondoka alimshukuru Direktrisi kwa mapokezi, akawaombea wazee baraka, akatoka getini, akanywa maji yake. Majibu yaliyoletwa baadaye yalikuwa mafupi: mhusika mwenyewe hana malalamiko.

Watu wanaweza kudhani ukaguzi wa namna hiyo hauna faida wala hasara. Ulikuwa na hasara. Direktrisi sasa alikuwa na neno la serikali mkononi. Alitangaza kwamba jamaa watawaona wazee Jumapili tu, tena uani, na mke wangu asikanyage vyumbani kwa kuwa alisambaza uongo. Shangazi naye, nilipomsihi upya tuondoke, alikuwa na sababu mpya.

"Ile bwana alitoka mbali kwa sababu yangu," aliniambia. "Akasema hapa ni muzuri. Nikienda sasa, nitakuwa namufanya mwongo."

Nilikwenda ofisini kwa Mkaguzi zaidi ya mara moja. Kila mara alisimama nikiingia, akanipa kiti chenye mto, yeye akakaa kwenye kile cha ubao. Nilimwambia anaoza. Nilimwambia hivyo hivyo, shangazi yangu anaoza, na alifumba macho kidogo kana kwamba nimesema neno chafu mbele ya watoto.

"Nimekusikia, Fundi."

"Kunisikia haitoshi."

"Nimekusikia kabisa."

Akanisindikiza mpaka kwenye ngazi. Nakumbuka nilivyoshuka zile ngazi nikitamani angalau angenifukuza, nipate cha kusimulia.

Jumapili moja tulimkuta Shangazi uani na homa, anatetemeka, anamwita mke wangu kwa jina la mama yangu ambaye alikufa zamani. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilimbeba mikononi, Direktrisi akinifuata na kusema kuna taratibu za kumtoa mkazi, nikamlaza kwenye teksi, kichwa kwenye mapaja ya mke wangu. Hospitali kubwa ya Kamenge ilikuwa karibu hivyo, karibu na ile nyumba, muda wote ule. Daktari alimgeuza, akauliza ni nani alikuwa anamtunza. Kidonda kilikuwa kimefika kwenye mfupa na sumu imeingia kwenye damu. Aliishi siku chache. Mpaka mwisho, daktari akipita na kumuuliza maumivu, alikuwa anajibu amahoro.

Mkaguzi alikuja kwenye matanga. Sijui nani alimwambia. Tulikuwa tumetandika mikeka chini ya turubai mbele ya gereji, mafundi wamefunga kazi, na yeye akaja na koti lake, akavua viatu, akaketi kati ya Waislamu kwa utulivu kuliko Waislamu wenyewe. Alijua la kusema na wakati wa kunyamaza. Majirani waliniambia, angalia serikali imekuja kukupa pole. Nilitamani kumtoa kwa kola ya shati.

Badala yake nilimwita mama aliyemwosha Shangazi. Ni mzee wa mtaa wetu, ameosha maiti za wanawake wa Buyenzi tangu mimi mdogo, na yeye sasa ndiye aliyekuwa ameona mwili wote, mbele na nyuma, kwa mwanga wa mchana. Nilisema kwa sauti, watu wote wasikie.

"Mama, mwambie huyu bwana uliona nini."

Yule mama aliniangalia kwa huruma, na huruma hiyo iliniudhi.

"Mwanangu, unajua siwezi. Nilichoona nimekifunika na sanda. Maiti haisemwi."

Nilikuwa najua. Muoshaji husitiri, ndiyo dini, na mtu anayetoa nje aibu ya maiti hatumwi tena. Hasira ndiyo iliyonisahaulisha. Mtu pekee pale chini ya turubai, asiye wa nyumba yangu, aliyefunua shuka amefungwa mdomo kwa haki, na Mkaguzi alikuwa ameketi pale, kichwa ameinamisha, anakubaliana naye. Lakini mama yule hakuwa amemaliza. Alimgeukia.

"Bwana, mi nafunika wafu. Wale wazima wa kule, nani anawaangalia mugongo?"

"Wanaangaliwa, mama," Mkaguzi alijibu kwa upole. "Waliniambia."

Yule mama alijitanda ushungi wake, akarudi ndani kwa wanawake. Mimi nilisimama, nikamwambia Mkaguzi mbele ya watu wote kwamba pikipiki yake nisiione tena kwangu. Alisema amenielewa, akavaa viatu, akawaaga wazee wa msikiti mmoja mmoja.

Alitii. Mafundi wengine ni wengi Buyenzi, kila ukuta una mmoja. Nilikuwa namwona akipita polepole, akinipungia mkono kidogo, nami naingiza kichwa chini ya boneti. Nikasikia amestaafu. Nikasikia mkewe amemtangulia. Wala sikumtumia pole, na hilo sijutii.

Halafu mwaka huu, mvua zilipoanza, alikuja akiisukuma pikipiki kwa miguu. Alikuwa amekonda, shingo imebaki nyembamba ndani ya kola, koti ni lile lile. Aliiegemeza ukutani, akanipa mkono. Mkono nilimpa, maana ulikuwa umekwisha kufika.

"Najua ulinikataza, Fundi. Lakini wengine wameshindwa. Inanuka essence, na hawaoni inapotoka. Unasikia?"

Nilisikia. Hata mtu mwenye mafua angesikia. Ilikuwa inavuja mahali chini ya tangi, karibu na injini, mahali pa kuchoma mtu mapaja. Nikajifuta mikono kwa kitambaa, nikachomoa leso, nikaiweka puani.

"Vumbi ya hapa ni mingi," nilimwambia. "Mi sisikii kintu. Piki yenyewe haijalalamika."

Uso wake haukubadilika mara moja. Alikaa kwenye kiti alichokuwa akiwekea koti zamani, akaangalia viatu vyake. Mafundi wenzangu walikuwa mbali, wanapigana na gia ya lori. Alizungumza chini sana, na safari hii sikushusha sauti yangu kumfuata. Nilimsogelea tu.

"Siku ile nilisikia," alisema. "Kabla hata sijafika kwa kiti yake. Nilisikia kutoka getini."

Nilikunja leso, nikairudisha mfukoni.

"Nilijua ni nyama ya mutu. Nilijua. Lakini ningesema je, Fundi? Mbele ya batu, mama mukubwa vile, nimwambie ananuka? Angeaibika. Nikasema nimwachie heshima yake."

Nilikuwa nimengoja miaka nimsikie akisema hivyo, na niliposikia, sikupata raha yoyote. Nilipata lile neno ambalo nilikuwa nimeliweka tangu siku ya ukaguzi. Sikumwambia ofisini, sikumwambia kwenye matanga, kwa sababu lilinichoma mimi mwenyewe kila nilipolikumbuka.

"Alijua," nilisema.

"Nani?"

"Shangazi. Alijua umesikia. Ulipotoka getini alinishika mkono, akaniambia: ile bwana ni imfura. Alisikia harufu yangu, akajifanya hakusikia."

Alinyanyua macho.

"Alikusifu," nilimwambia. "Alikuwa amekaa juu ya vidonda, na akakusifu. Alingoja useme, Bwana Inspekteri. Yeye hakuweza kusema. Ungesema wewe, angelia kwa aibu siku moja, na leo angekuwa anagombana na mke wangu juu ya chumvi. Heshima uliyomwachia ndiyo tuliyomzika nayo."

Mikono yake ilitafuta kingo za kiti, ikazishika, nami nikaona ile mikono mingine, ya Shangazi, nikageuka nikachukua spana.

Niliitengeneza pikipiki. Mtu hawezi kuacha mtu mwingine apande kitu kinachovuja vile, hata kama ni huyu. Mpira wa mafuta ulikuwa umepasuka mahali unapokunjwa, ndani, ambapo hauonekani mpaka uguse. Nilimshika mkono nikapeleka kidole chake pale, kilowe, halafu nikaweka mpira mpya. Hakukinusa kidole. Alikifuta polepole kwenye koti lake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Alipopanda nilimshikia usukani.

"Ile nyumba bado iko," nilimwambia. "Na wazee wako ndani, na wote ni amahoro. Huna ofisi tena, hakuna wa kuwapigia simu kabla. Nenda kule kesho. Ingia mpaka vyumbani, funua, useme kinachonuka. Safari hii usiwe na adabu."

Alivaa kofia yake, akaifunga mkanda chini ya kidevu. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akainama.

"Asante sana, Fundi. Nimekusikia."

Hata hapo, Mungu wangu, hata hapo alinishukuru.